Pumzi Kumi na Nane

Kitanda cha saba hakikuwa na mgonjwa, lakini karatasi yake ya vipimo ilikuwa imejazwa.

Chapchap aliiona Jumatatu asubuhi, saa moja na robo, alipoanza mzunguko wake na kipima presha kwapani. Godoro lilikuwa limeegemezwa ukutani tangu Alhamisi likauke dawa. Hapakuwa na shuka wala mto. Ila pale miguuni pa kitanda, kwenye kibao chake, ilibanwa karatasi mpya yenye tarehe ya siku ile. Safu ya joto ilikuwa tupu, ya mapigo ya moyo tupu, ya presha tupu. Safu ya pumzi tu ndiyo iliyojazwa, asubuhi, mchana, jioni, mpaka kwenye saa ambazo zilikuwa bado hazijafika. Kumi na nane. Kumi na nane. Kumi na nane.

Aliutambua mwandiko. Ile moja yenye kofia, ile nane iliyolala upande kama imechoka. Ulikuwa mwandiko wake.

"Mama Ndoo," aliita kwa sauti ya chini. "Nani amechezea karatasi hii?"

Mama Ndoo ni mimi. Nasafisha wodi ile ya wanaume mwaka wa kumi na moja sasa. Nilimjibu kwamba mimi nachezea fagio tu, karatasi zina wenyewe. Akacheka kidogo, akaichana vipande vinne, akaitia kwenye pipa, nami nikaendelea kupiga deki. Mola anisamehe, kwa maana nilijua zaidi ya nilivyomjibu. Habari hii naisimulia nikiwa mmoja wa wenye hatia, nisije nikaonekana nimekaa pembeni nikiwanyooshea wengine kidole.

Binti huyu alikuwa mwanafunzi wa uuguzi, mwaka wa tatu, umebaki mtihani mmoja wa vitendo awe nesi kamili. Kwao yeye ndiye wa kwanza kufika mbali hivyo, na mama yake alishaanza kuitwa Mama Nesi mtaani kabla ya wakati wake. Jina la Chapchap alipewa na wenzake, maana wao wakiwa kitanda cha kumi wakitafuta kalamu, yeye keshamaliza vitanda ishirini na nne, kakaa, anakunywa maji. Nisimseme vibaya. Mkono wake ulikuwa mwepesi, kauli yake nzuri, kila mzee kwake babu, kila kijana kaka. Wagonjwa walimpenda.

Lakini nimepita chini ya vitanda vile miaka mingi, na mtu aliyeinama huona mengi. Joto lina kipimo chake, kinalia chenyewe. Presha ina mashine. Pumzi haina kitu. Inabidi nesi asimame, amshike mgonjwa mkono kama bado anahesabu mapigo, maana mtu akijua pumzi yake inatazamwa huibadilisha, halafu akitazame kifua kikipanda na kushuka kwa dakika nzima ya saa. Dakika ni kitu kidogo ukiwa unakula. Ukiwa umesimama kando ya kitanda cha kumi na tisa na miguu inawaka moto, dakika ni safari. Basi wengi huandika kumi na nane. Ni namba yenye adabu. Mtu mzima mwenye afya hupumua hivyo, na hakuna daktari atakayeinua macho kuiuliza.

Mwalimu wao wa vitendo, mwanamke mrefu mwenye viatu vya raba ambaye hutokea mgongoni mwa mtu bila kusikika, aliwaambia mara nyingi nikiwa papo hapo: "Mwili ukianza kuharibika, pumzi ndiyo ya kwanza kusema. Presha hujikaza kama mwanamume msibani. Pumzi haijui kujikaza." Waliyaandika maneno hayo kwenye madaftari, wakayapigia mstari chini kwa kalamu nyekundu, kisha wakaja wodini wakaandika kumi na nane.

Aliyekuwa kitanda cha saba ni fundi cherehani mmoja, mzee mkimya mwenye vidole vilivyotobolewatobolewa na sindano. Alipasuliwa tumbo kwa sababu ya utumbo uliotoboka, na Jumatano ya wiki iliyotangulia ilikuwa siku yake ya tatu. Saa nne asubuhi alimwambia Chapchap, "Mwanangu, pumzi yangu haifiki chini."

"Ni mshono huo, babu. Ukipoa itafika."

Akaandika. Nilikuwa chini ya kitanda cha nane na tambara langu, na nilimwona akiandika kabla hajamgusa mzee. Nikaona na kingine. Niliona pua za yule mzee zinavyopanuka, niliona shingo yake inavyovuta kamba kila akivuta hewa, kama mtu aliyetoka kukimbia naye amelala. Nikasema moyoni: nani atamsikiliza mtu wa ndoo? Nikahamia kitanda cha tisa.

Nesi wa mchana alikuta kumi na nane, naye akaandika kumi na nane. Wa usiku akafuata. Alfajiri ya Alhamisi fundi alikuwa amefariki. Wakubwa waliifungua karatasi, wakaona pumzi imetulia toka asubuhi mpaka usiku wa manane, wakaandika kwamba hali ilibadilika ghafla. Neno hilo ghafla limefunika watu wengi chini ya udongo.

Haya, turudi kwenye Jumatatu ile.

Mchana wake Chapchap alikuwa peke yake bwenini, wenzake wameenda darasani, jua limejaa dirishani, mtu huwezi hata kufikiria kuogopa. Alikuwa anakunja sare yake. Akasikia harufu ya pasi ya moto juu ya kitambaa kibichi, na chini ya harufu hiyo mafuta ya mashine. Akadhani jirani anapiga pasi. Akachungulia ukumbini, milango yote imefungwa. Aliporudi akasikia mtu anapumua nyuma ya mlango wake.

Alivuta. Alitoa. Alitulia kidogo. Alivuta tena. Haikuwa pumzi ya mgonjwa wala ya mtu mwenye hasira, bali pumzi tulivu ya mtu aliyeshiba na kulala. Akaufungua mlango mpaka ukagonga ukuta. Hapakuwa na mtu, na pumzi ikaendelea palepale, usawa wa bega lake. Kwa mazoea ya kazi, akatazama saa ya mkononi. Dakika ilipokwisha, vidole vyake vilikuwa vimefika kumi na nane.

"Hapo ndipo nilipojua," aliniambia baadaye. "Mama Ndoo, hiyo ndiyo mara ya kwanza tangu mwaka wa kwanza kuhesabu dakika nzima."

Jumanne ikamfuata wodini. Alimwekea stetoskopu kifuani mzee mmoja mwenye pumu aliyekuwa anafoka kama birika, na masikioni mwake akasikia pumzi laini, polepole, kumi na nane. Akahamia kwa kijana mwenye homa, kumi na nane. Akahamia kwa mlinzi wa geti aliyekuwa amepanda ngazi mbili mbili na kusimama pale akihema, akamwomba amsikilize kwa utani, na kifua cha mlinzi kinaruka machoni pake huku masikioni kikilala usingizi. Kila alipoweka kifaa kile alikisikia kitu kilekile, mtu yuleyule, akipumua kwa niaba ya wodi nzima. Akaenda chooni, akafunga komeo, akafungua vifungo viwili vya sare, akajiwekea stetoskopu kifuani mwake mwenyewe, akasikia kumi na nane, akajiambia labda ni mimi, labda ndivyo ninavyopumua, akaifunga pumzi yake, akauma midomo, akakibana kifua kwa mikono miwili mpaka macho yakamtoka machozi na ukuta ukaanza kuzunguka, na ndani ya kifua chake, chini ya mbavu zake mwenyewe zilizosimama kimya kama mlango uliofungwa, kitu kikavuta hewa taratibu, kikaitoa, kikatulia, kikavuta tena.

Nilimkuta Jumatano kwenye chumba cha kuoshea vyombo vya wagonjwa, amekaa sakafuni juu ya tambara langu bichi. Akanieleza yote akinong'ona, akikatakata maneno.

"Utaniona kichaa."

"Kichaa hajui kama ni kichaa," nikamwambia. "Halafu mimi nimeshakisikia. Toka Jumatatu nikipiga deki pale kitanda cha saba, maji ya ndoo yanatikisika bila mtu kuyagusa. Yanapanda, yanashuka."

"Mbona hukusema?"

Ni swali la kweli, na nilikuwa na kosa la pili juu ya lile la kwanza.

Jioni jua likiwa bado juu nikampeleka kwa mjomba wangu. Ni mzee aliyekuwa mshona viatu, macho yake yameingia ukungu, sasa husomea watu dua uani kwake. Mimi nilisalimia kwanza, nikakaa. Chapchap akapiga goti.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Na huyo mwenzako mbona hasalimii?"

"Mama Ndoo ameshasalimia, babu."

"Huyu namjua, ni mpwa wangu, mbishi toka utotoni. Nasema huyo mwingine. Anayepumua begani kwako."

Binti akaanza kulia bila sauti. Mjomba akasoma. Alisoma kwa muda mrefu, jasho likamtiririka mpaka kwenye ndevu, nami nikawa naitikia kwa moyo wote. Alipomaliza akatega sikio, kisha akatikisa kichwa.

"Huyo hakukosa hata pumzi moja. Mjukuu, kazi yako ni nini?"

Akamweleza. Habari ya fundi, habari ya kumi na nane. Mzee akapapasa miwani yake isiyomsaidia kitu, akaivaa, akaivua.

"Dua hufukuza kilichoingia bila ruhusa," akasema. "Hiki kina kibali, tena cha maandishi. Sikiliza. Pumzi uliyoiandika, fundi hakuwa akiivuta. Nawe hukuihesabu. Sasa ilikuwa ya nani?"

"Haikuwa ya mtu."

"Ndiyo. Na kitu kisicho na mwenyewe hakikai bure duniani. Jini amekiokota. Umeshaandika ngapi za namna hiyo?"

Chapchap akaanza kuhesabu kwa vidole. Vitanda ishirini na nne, mara nne kwa siku, miaka miwili na nusu.

"Basi mshukuru Mungu amekuja mmoja tu," mjomba akasema.

"Nifanyeje, babu? Karatasi nilishaichana."

"Kuchana si kufuta. Utafuta kwa mdomo. Uwaambie wakubwa wako, kisha uwaambie watu wa marehemu."

"Watanifukuza chuo. Mama yangu..."

"Huenda wakakufukuza. Lakini ukinyamaza, kila utakayemgusa huyu atapumua badala yake. Utawaona wote wazima, mpaka wazikwe."

Tukaaga, tukaondoka. Njiani akaniambia mtihani wake wa vitendo ni Ijumaa. Akifaulu ataomba kazi ya ofisini, mafaili tu, asimguse mgonjwa tena maisha yake yote, na hapo jini litakuwa halina la kufanya. "Si ni njia, Mama Ndoo?" Nikamwambia ni njia. Nilitaka kumtuliza. Ulimi wangu huu umezoea kumtuliza kila mtu isipokuwa anayekufa.

Ijumaa saa tatu asubuhi mwalimu aliingia wodini na mtahini mgeni, mwanamume mfupi mwenye faili la bluu. Wakamchagulia Chapchap mgonjwa wa kitanda cha nne. Alikuwa fundi bomba aliyevunjika paja, mguu umefungwa na kuvutwa kwa uzito wiki ya pili sasa, bingwa wa maneno kupita wote mle ndani. Mimi nilikuwa nafuta madirisha. Sikuwa na sababu ya kufuta madirisha siku ya Ijumaa.

"Mchunguze mgonjwa kuanzia kichwani," mtahini akasema. "Mashine baadaye. Macho kwanza, mikono, masikio. Halafu utuambie unafikiri nini, na kwa nini."

"Habari za leo, kaka?" Chapchap akaanza.

"Nzuri... nesi," fundi bomba akasema. Akavuta hewa. "Ila leo... bomba..." Akavuta tena. "Limeziba."

Watahini wakacheka. Chapchap akatabasamu, akaweka stetoskopu. Nilimwona uso unavyolegea. Alikuwa anasikia kifua safi, pumzi laini, kumi na nane kwa dakika. Ilikuwa zawadi. Alichotakiwa kufanya ni kutamka tu: kifua kiko safi, upumuaji wa kawaida, mgonjwa anaendelea vizuri. Mtahini alishashika kalamu tayari kuandika alama. Na harufu ya pasi ya moto ikajaa wodini, safari hii niliisikia na mimi, nzito, tamu, harufu ya nguo mpya inayomaliziwa, na dirisha nililokuwa nalifuta likaanza kuingia ukungu kutoka ndani ingawa hakuna mdomo uliokuwa karibu nalo, ukungu unatokea, unafutika, unatokea, na nikaelewa kwamba kitu kile kimesimama kati yangu na kioo, kinatazama mtihani.

Chapchap akayavua masikio ya stetoskopu, akayaacha yaning'inie shingoni.

Akaweka kiganja chake kitupu juu ya mbavu za mgonjwa. Kiganja kikapanda, kikashuka, kikapanda, haraka haraka, kama kimewekwa juu ya kuku aliyekamatwa. Akatazama saa. Dakika ilipita, nami nilikuwa naihesabu kwa tasbihi za moyo. Mtahini akakohoa. Chapchap hakugeuka.

"Thelathini na sita," akasema.

"Umesikia nini kifuani?" mtahini akauliza.

"Nimesikia kumi na nane, na masikio yangu ni waongo." Mikono ilikuwa inaendelea na kazi. "Hawezi kumaliza sentensi. Pua zinapanuka. Anavuta kwa misuli ya shingo. Mapigo yanakimbia." Akafunua shuka upande wa mguu mzima, akapima shavu la mguu kwa vidole, akalinganisha. "Mguu huu haukuvunjika, lakini umevimba, una moto. Kaka, unajisikiaje moyoni?"

"Kama... nakufa, nesi. Si utani."

"Wiki mbili hajatembea. Damu imeganda mguuni, kipande kimepanda kimekwenda mapafuni. Bomba limeziba kweli. Naomba oksijeni, naomba daktari, sasa hivi, si baada ya mtihani."

Mwalimu alikuwa keshafika kwenye mtungi kabla sentensi haijaisha. Wakamwinua mgonjwa, wakamvisha kinyago, daktari akaja mbio na sindano ya kuilainisha damu. Nitakuambia mapema usikae roho juu: fundi bomba yu hai, na maneno yake yamerudi yote.

Wodi ilipotulia mtahini alimpa Chapchap mkono. "Umefaulu, binti. Hongera. Ila hilo la masikio waongo sijalielewa."

Angeweza kusema ni wasiwasi wa mtihani. Akamgeukia mwalimu wake.

"Mwalimu, yule fundi cherehani wa kitanda cha saba, sikumhesabu. Niliandika tu. Aliniambia pumzi haifiki chini, nikaandika kumi na nane. Wengine walinakili kwangu. Huyu wa leo nusura awe wa pili."

Mwalimu akakaa kwenye ukingo wa kitanda kitupu, jambo ambalo amewakataza wanafunzi tangu nimjue.

"Niliiona karatasi ile," akasema hatimaye, akitazama viatu vyake. "Nilijiuliza ni mtu gani anapumua kama saa ya ukutani mpaka anakufa. Nikalifunga faili." Kisha akasimama, akawa mwalimu tena. "Vua kitambulisho. Utaitwa mbele ya kamati."

Chapchap akavua. Ukungu dirishani ulifutika na haukurudi. Akaniambia masikio yamefunguka, anasikia matairi barabarani, anasikia tumbo lake linanguruma. Akafikiri yamekwisha. Mimi ndiye niliyemkumbusha kwamba mjomba alitaja pande mbili. Hilo angalau nililisema.

Kesho yake, saa tisa alasiri, tukaenda kwa mjane.

Nyumba ilikuwa na chumba cha mbele chenye cherehani mbili. Moja wazi, ina suruali ya mtoto wa shule chini ya sindano. Nyingine imefunikwa kitambaa cheupe. Mjane alikuwa mama wa makamo, mwembamba, amevaa pini za kushonea kifuani kama nishani. Tukampa pole. Akasema ameshapoa, tukae. Akaona sare chini ya kanga zetu, akajua tumetoka hospitali, akatabasamu.

"Nyie mlimtunza vizuri. Jumatano ile nilimuuliza nesi, akaniambia pumzi yake nzuri kabisa. Nikaenda nyumbani nikalala. Nilijilaumu sana kwamba sikukaa naye." Akainua kidole. "Nyamazeni kidogo. Ndiyo saa yake hii."

Kile kitambaa cheupe kikainuka katikati, taratibu, kikashuka. Kikainuka tena. Na tukasikia, kutoka nyuma ya cherehani, mtu anapumua.

Chapchap akanishika goti. Kucha zake ziliingia nyamani.

"Msiogope," mjane akasema kwa upole. "Tangu tulipomzika anakuja kila alasiri. Watoto sijawaambia, watasema mama yao amechanganyikiwa. Alipokuwa hai alikuwa anakoroma huyo, unamsikia toka mtaa wa pili! Sasa sikilizeni anavyopumua. Amepumzika. Mimi nashona, yeye anapumua, tunakaa hivi mpaka jua linapungua. Nisingekuwa na hii, mwanangu, ningeshamfuata."

Nilimvuta Chapchap kanga yake. Nikamnong'oneza sikioni: tuondoke, tumuache nayo, ina ubaya gani? Naungama mbele ya Mola wangu kwamba nilisema hivyo, kuhusu jini lililoketi kwenye kiti cha maiti likipokea mapenzi yasiyo yake. Lilikuwa linapumua vizuri sana.

Chapchap alipiga magoti sakafuni, katikati ya vipande vya nguo.

"Mama, huyo si mumeo."

"Unasemaje?"

"Hiyo pumzi ni yangu mimi. Niliiandika. Jumatano ile alikuwa anahangaika, akaniambia hewa haifiki, sikumhesabu. Niliandika kumi na nane. Ndiyo hiyo unayoisikia. Haijawahi kuwa yake."

Kitambaa kilikuwa kinainuka. Kikasimama hapo juu, kimejaa, kama kifua cha mtu aliyesikia jina lake likiitwa. Chumba kikanuka pasi, kikanuka mafuta, kikanuka kitu kingine cha zamani chini ya hayo, kama mvuke wa kisima kilichofunikwa miaka mingi, na cherehani ikazunguka gurudumu lake nusu mzunguko yenyewe, na tukasikia kutoka nyuma yake pumzi ndefu ikitoka, ndefu kuliko mtu awezavyo kutoa, inatoka, inatoka, pini zikatikisika kifuani mwa mjane, inatoka, mpaka kitambaa kikalala juu ya chuma na kuonyesha kila kona yake.

Kisha kimya.

Mjane aliinuka. Akakiweka kiganja juu ya kitambaa, akangoja. Akakiinamia, akalaza shavu.

"Amenyamaza," akasema.

"Nisamehe, mama."

"Siku ile alikuwa anapumua ngapi?"

"Sijui, mama. Sikuhesabu."

Mjane akainua shavu kwenye kitambaa. Kisha akaenda mezani, akachana kipande cha karatasi ya kukatia vipimo, akachukua chaki yake ya kuchoria nguo, akavileta mbele ya Chapchap. Hakuwa na hasira hata kidogo. Afadhali angekuwa nayo.

"Iandike tena."

"Mama..."

"Iandike, mwanangu. Kumi na nane. Si mwanzo uliweza?"

Chapchap alitikisa kichwa, machozi yanamdondoka juu ya karatasi. "Siwezi. Haikuwa yake."

"Basi yake nipe."

Binti akaficha mikono ndani ya kanga. Mjane akamtazama, kisha akanitazama mimi, akaninyooshea ile chaki. Na mimi, niliyemwona mumewe anakufa kwa macho yangu haya na kuhamia kitanda cha tisa, niliipokea. Kusoma kwangu ni kudogo, lakini moja na nane nazijua. Nilishaigusisha kwenye karatasi. Nilishachora ile moja.

Chapchap aliudaka mkono wangu kwa mikono yake miwili, akaubana, hakuuachia, mpaka chaki ikasagika unga kiganjani mwangu.